Chokaa juu ya chokaa: kisa cha kisiki cha bogenvilia Tanga mjini

Kabla ya kisa

Majina, mtaa na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Mwenye mti nitamwita Bibi, mwenye kitalu nitamwita Kijana. Mimi ni yule aliyeitwa mambo yalipokwisha haribika, na mtaona huko mbele kwamba si kila nilichofanya kilikuwa sawa. Nimeandika kwa ajili ya wenye vitalu wa pwani wanaojaribu bonsai kwa kutazama simu, maana makosa ya hapa si ya mtu mvivu. Ni ya mtu mwenye bidii.

Usuli

Bibi ni mjane. Anaishi kwenye nyumba ya zamani, mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu kutoka baharini. Mbele ya nyumba palikuwa na uzio wa bogenvilia ya zambarau uliopandwa na marehemu mumewe miaka ya 1970, alipokuwa bado anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Watoto walipoamua kujenga ukuta wa matofali, uzio ukawa hauna budi kung'olewa. Bibi akakubali kwa sharti moja: kisiki kimoja kibaki. Kibaki wapi na vipi, hakujua. Mjukuu ndiye aliyemwonyesha picha ya bogenvilia nene, fupi, imekaa kwenye sahani ya udongo na maua yamefunika kila kitu. Bibi akasema, "Kumbe chaweza kukaa mezani!" Siku hiyohiyo Kijana akaitwa.

Kijana ana kitalu kando ya barabara. Anauza miche ya michungwa, minazi na ashoki, na vyungu vya saruji anavyofyatua mwenyewe. Bonsai alikuwa amejifunza kwa miaka miwili kwenye video, na mkono anao. Mikwaju yake midogo niliwahi kuiona, si ya mzaha.

Kwa msomaji asiyeijua sanaa hii: bonsai si mbegu ya mti mfupi. Ni mti wa kawaida uliowekwa kwenye chungu cha kina kifupi, ukapogolewa juu na chini kwa miaka hadi ukawa na sura ya mti mzee. Neno ni la Kijapani, maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye sahani, lakini Wajapani nao waliipokea sanaa kutoka China. Kijana alimsimulia Bibi habari za ule msonobari wa familia ya Yamaki, ambao umelelewa kwenye chungu tangu 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 Wajapani wakawapa Wamarekani. Sasa uko Washington. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huo umefika miaka yote hiyo kwa kuwa una mtu wa kuumwagia maji. Mimi nikienda Muheza kwa mdogo wangu, wangu atamwagia nani?"

Swali hilo la maji lilipita kama utani. Tungelisikiliza vizuri siku ile, nusu ya kisa hiki isingekuwapo.

Kilichotokea: Januari hadi Septemba

Kisiki kiling'olewa Januari, kaskazi ikivuma na jua limepamba moto. Unene wake ulikuwa kama paja la mtu mzima. Kijana alikikata kimo cha goti, akaacha mizizi ya urefu wa shibiri, akabakiza vichwa vitatu vya matawi. Mizizi ya bogenvilia hukatika ovyo kama muhogo mkavu, kwa hiyo aliifunga kwa gunia lililoloweshwa kabla ya kuibeba. Hilo alilifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Vidonda vya juu, kila kimoja kikubwa kama kisahani cha kikombe, alivipaka rangi ya mafuta ya kijani iliyobaki kwenye geti la jirani. Kwenye video wanapaka dawa maalumu ya kufunika kidonda. Yeye hakuwa nayo. Rangi nayo hufunika.

Kisiki kikakaa kwenye sanduku la mbao chini ya mwembe, ndani ya mchanga wa mto, mboji na vumbi la makumbi ya nazi. Wiki ya nne kikachipua. Masika yakaja, machipukizi yakanyooka, na Kijana akayafunga waya wa shaba aliouchuna kwenye nyaya chakavu za umeme, yakiwa bado mabichi. Ndivyo inavyotakiwa: tawi la bogenvilia likishakomaa, ukilipinda linakatika. Kufikia Juni mti ulikuwa wa kijani kibichi, una matawi matatu yaliyoanza kusikia.

Hapo ikaingia harusi.

Mjukuu alikuwa anaolewa Agosti, na Bibi alitaka mti uwe kibarazani siku hiyo, kwenye sahani yake, kama ule wa kwenye picha. Kijana aliniambia baadaye kwamba moyoni alijua ni mapema, lakini mteja akiwa na umri wa bibi yako, na kila ukifika anakuandalia chai na vitumbua, neno "bado" halitoki mdomoni. Akafyatua trei ya saruji, urefu sentimita 60, kina sentimita 10. Ikakauka siku tatu. Mwanzoni mwa Julai akapunguza mizizi kwa theluthi mbili na kuuhamisha mti.

Sasa udongo. Katika video za Kijapani mti haukai kwenye udongo tuujuao sisi. Unakaa kwenye chembe ngumu za ukubwa wa choroko hadi maharage, ili maji yapite na hewa ifike kwenye mizizi. Chembe hizo huitwa akadama, nazo ni udongo wa volkano unaochimbwa kule Kanto, Japani. Kijana alitafuta kitu cha chembe kama hizo Tanga akakipata bure: vipande vya matumbawe pwani. Akavisaga, akavichekecha, akaviosha chumvi kwa maji ya kisima cha Bibi, akajaza trei. Kwa macho, ilikuwa kama ile ya kwenye video, nyeupe tu badala ya kahawia.

Siku ya harusi mti ulikuwa umefunikwa na maua. Watu walipiga nao picha kuliko bwana harusi. Hakuna aliyewaza kwamba bogenvilia iliyobanwa mizizi na kuonjeshwa ukavu huweza kumwaga maua kwa dhiki. Kila mtu, Kijana akiwamo, alisoma maua yale kama cheti cha afya.

Septemba majani yakaanza kugeuka. Bibi akasema mti una homa ya manjano. Kijana akaona ni njaa, maana kokoto hazina rutuba, akatia urea kijiko kimoja cha chakula kwa wiki. Majani yakazidi kuwa ya manjano. Akaongeza samadi ya kuku. Kingo za majani zikaungua, kisha yakaanza kudondoka.

Siku niliyoitwa

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli. Nilimkuta Bibi amekaa kwenye mkeka kando ya trei kama anayemuuguza mtu.

Nilianza na majani, na ningependa msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu kulikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa nguo moja. Majani machanga, ya kwenye ncha, yalikuwa ya manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, kama ramani yenye mito. Majani ya zamani, ya chini, yalikuwa na hali nyingine: kati yamebaki kijani iliyofifia, kingo zimekauka rangi ya chai. Mti wenye njaa ya naitrojeni ungeanza kuwa wa manjano chini, kwenye majani ya zamani, tena jani zima na mishipa yake. Huu ulianza juu. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Kingo zilizoungua ni habari ya chumvi.

Ukingo wa trei ulikuwa na utando mweupe. Nilikwangua kwa ukucha, nikaonja. Chumvi chungu. Nikamuuliza Bibi maji anayomwagia. "Ya kisima, baba. Ya bomba nalipia." Sabuni inatoa povu? Akacheka. Povu halitoki hata ukisugua mpaka magharibi, ndiyo maana nguo nyeupe anafulia ya mvua.

Nikaomba ndimu. Kijana alidhani nina kiu. Nilichukua kokoto chache, nikaziponda juu ya kisahani, nikakamulia ndimu, tukasogeza masikio. Zilichemka polepole, kama soda iliyokwisha kufunguliwa. Tukarudia kwa siki ya jikoni. Safari hii povu lilionekana wazi. Kisha nikadondosha siki kwenye upande wa ndani wa trei, pale pasipopakwa rangi. Nako kukachemka. Chokaa ndiyo huchemka hivyo ikiguswa na kitu kichachu.

Basi mti ulikuwa umekalishwa kwenye chokaa, ndani ya chombo cha saruji mbichi inayotoa chokaa, ukinyweshwa maji magumu yenye chumvi. Bogenvilia hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha uchachu (pH) kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Kwenye chokaa nyingi chuma kinakuwapo lakini kimefungwa, mzizi haukipati. Urea na samadi havikufungua kitu, viliongeza chumvi juu ya chumvi.

Kijana alibisha, na hoja yake ilikuwa nzuri. "Mzee, mbona milandege inaota kwenye kuta za magofu, kwenye chokaa tupu, na majani yake yanang'aa?" Ni kweli. Nenda Tongoni, nenda kwenye nyumba yoyote ya mawe iliyoachwa, utaona jamii ya mikuyu imekumbatia ukuta. Lakini mti ule na huu si ndugu, na hawali sahani moja. Tena mizizi ya mlandege ukutani ina nafasi ya kusafiri mita kadhaa ikitafuta pema. Kwenye trei ya sentimita 10 mzizi hauna pa kukimbilia.

Maamuzi, na kwa nini

Kijana alitaka kumwaga kokoto zote siku ileile, kuosha mizizi na kupanda upya. Nilikataa. Mizizi ilikatwa theluthi mbili miezi mitatu tu nyuma. Ile michache iliyozaliwa tangu hapo ndiyo iliyokuwa inaubakiza mti, na kuiosha ni kuipukutisha.

Akapendekeza tumwagie maji ya ndimu kila siku kupunguza chokaa. Nalo nikalikataa. Kilo kadhaa za matumbawe zina chokaa ya kumaliza ndimu zote za Muheza, na mzizi utaungua kabla ya kokoto.

Njia ya tatu ilikuwa kuacha kila kitu, kusitisha mbolea na kungoja mvua za vuli zioshe. Mimi nilielekea huko. Ila mvua haina ratiba, na trei ingeendelea kutoa chokaa.

Tulichofanya ni cha katikati. Tuliuchomoa mti na donge lake la mizizi bila kulichokoa, tukapukusa tu kokoto zilizoanguka zenyewe, tukaliweka donge zima ndani ya lile sanduku la mbao la mwanzo na kuzungushia mchanganyiko mpya: matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa, mchanga wa mto uliooshwa, na mboji iliyoiva. Matofali tuliyapima kwanza kwa siki, hayakuchemka. Nia ilikuwa mizizi mipya itoke nje ya chokaa yenyewe, kwa hiari yake. Mbolea ikasimama kabisa. Kwa maji, Bibi alikuwa na simtanki la lita 1,000 lililokaa tupu nyuma ya jiko. Mwanawe akaliunganisha na mfereji wa bati. Hadi mvua ilipoanza, Kijana alileta ya bomba kwa madumu, bila kudai. Majani tuliyanyunyizia madini ya chuma kutoka duka la pembejeo, mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Hiyo ilikuwa panadoli tu, na nilimwambia hivyo.

Matokeo

Vuli ilikuja vizuri. Mwishoni mwa Novemba ncha mbili kati ya tatu zilikuwa zinatoa majani ya kijani kamili.

Ya tatu, ya kulia, ilikuwa inakufa. Nilidhani ni mabaki ya chokaa. Siku moja nikashika kidonda cha juu ya tawi lile kwa dole gumba, pale penye rangi ya kijani, na rangi ikabonyea. Chini yake hapakuwa na mti. Maji ya kahawia yalitoka yakinuka kama pishi la makumbi. Mbao ya bogenvilia ni laini na huoza upesi, na ile rangi ya geti ilikuwa imepasuka pembeni kidogo, ikaruhusu mvua ya masika kuingia na kuzuia isitoke. Kuoza kulikuwa kumeanza miezi mingi kabla ya chokaa.

Nilikuwa nimeukagua mti ule saa nzima mwezi Oktoba. Majani niliyahesabu. Shina sikuligonga hata mara moja.

Tulichimba kwa patasi hadi mbao ngumu, na tulipomaliza palikuwa na shimo linaloingia kiganja kizima. Tawi la kulia likaondoka. Mpango wa awali wa mti wa matawi matatu ukafa nalo.

Wazo la kuendelea lilikuwa la Kijana. Akasema tusifiche shimo. Tugeuze mti, upande huo uwe wa mbele, shina nene lenye uwazi kama mbuyu mkongwe. Hakuwa anabuni kitu kigeni: Charles Ceronio wa Afrika Kusini aliandika juu ya mitindo inayofuata maumbile ya miti ya Afrika, na wa mbuyu ni mmojawapo. Ila mbuyu wa kweli ukiwa na uwazi unaendelea kuishi karne. Bogenvilia ikituamisha maji itaoza hadi chini. Tukatoboa tundu kutoka sakafu ya shimo hadi nje, ili maji yasikae.

Nilivyokiona kisa

Wengi niliowasimulia husema Kijana alikosea kutumia vitu vya kienyeji. Siafiki. Akadama ikisafirishwa hadi Tanga haimfai mtu anayeuza mche wa mchungwa kwa bei ya soda mbili. Mbadala ni lazima. Tatizo ni kwamba mara zote tatu aliiga umbo la kitu, hakuiga kazi yake. Akadama ina chembe, matumbawe yana chembe. Lakini akadama ina uchachu kidogo na hushika maji ndani yake, matumbawe ni chokaa. Dawa ya kidonda hufunika, rangi hufunika. Lakini dawa hubaki laini na kufuata kidonda kinavyojifunga, rangi hukauka na kupasuka. Trei ya Kijapani ni ya udongo uliochomwa, yake ni saruji ya siku tatu. Angeiloweka wiki kadhaa, akibadilisha maji, pengine ingefaa. Matofali ya kuchoma yalikuwa kwenye kiwanja chake mwenyewe, yamerundikwa nyuma ya choo. Hayakufanana na ya kwenye video, hivyo hakuyaona.

Kalenda nayo ilichangia, ingawa si sana kama nilivyodhani mwanzo. Video zinamwambia ahamishe mti majira ya kuchipua yanapoanza. Sisi hatuna majira hayo. Tuna masika, kusi, vuli na kaskazi. Julai ndiyo ubaridi wetu, kusi inavuma, na bogenvilia inajivuta. Mizizi iliyokatwa wakati ule hupona polepole. Mti uleule ulivumilia kung'olewa Januari kwa sababu joto lilisukuma machipukizi, kivuli cha mwembe kikazuia kukauka, na ulikuwa na kina cha sanduku zima. Mimi sasa nahamisha bogenvilia masika yanapokaribia, au vuli ikianza. Sidai kuwa ni sheria.

Kilichofaa kisemwe pia. Kuchimba kulikuwa kwa ustadi. Waya uliingia wakati wake. Na Kijana alipokwama aliita mtu, akasimama palepale akasikiliza makosa yake mbele ya mteja bila kununa, jambo ambalo katika umri wake mimi nisingeliweza. Kuzungushia udongo mpya bila kugusa donge ndilo lililouokoa mti. Nikipewa kisa hiki tena nitafanya hivyohivyo, ila nitaanza kwa kugonga shina.

Lililobaki ni lile neno lililomshinda mwezi Juni. Wenye vitalu wengine hupenda nisiligusie, wanaona ni mambo ya biashara, si ya miti. Kwangu ndilo lililoanzisha yote: mti wenye miezi sita kwenye sanduku ulihamishwa kwa sababu ya tarehe ya harusi. Angeweza kumpa Bibi lile sanduku lenyewe, limefunikwa kwa mkeka mzuri na kuwekwa kibarazani, na wageni wasingejua tofauti.

Ninapoandika haya mti umepita masika ya pili, bado uko kwenye sanduku la mbao. Shimo lake limeanza kuzungukwa na gome jipya, kama mdomo unaofumba. Kila Kijana akipita Bibi humuuliza lini utarudi mezani. "Bado, Bibi," anajibu, na kupokea kitumbua chake. Trei ya saruji haikutupwa. Kuku wanainywea maji.